Mkanda wa Suruali ya Kitambaa: Pima Kitanzi Kwanza

Nawasalimu nyote mnaotusikia hapa Katoyi, mjini Goma. Nawasalimu wa Ndosho, wa Majengo, wa Birere, wa Himbi kule karibu na ziwa, na ndugu zetu wa Gisenyi, ambao sauti yetu huwafikia bila kuonyesha kitambulisho mpakani. Mama aendelee na sombe lake jikoni, kijana wa moto, yaani pikipiki, azime injini kidogo, tuzungumze.

Leo nina jambo dogo. Ukubwa wake ni sentimita tatu na nusu, haufiki nne. Nataka tuzungumze juu ya mkanda, huu mukaba anaoufunga papa akienda kanisani Jumapili, anaoufunga kijana akienda kuomba kazi. Na hasa nataka tuzungumze juu ya upana wake. Ngozi tutaigusa, rangi tutaigusa, lakini tutarudi kila mara kwenye upana.

Najua yupo anayetikisa kichwa sasa hivi. Anasema: huyu mtu, na yote yaliyoupata mji huu, volkeno, vita, bei ya unga, bado ana nafasi ya kuzungumzia mikanda? Ndiyo, ninayo. Katika mji huuhuu watu wanaoana, wanazikana, wanapeleka mahari, wanatetea kazi zao za mwisho chuoni. Na mwanamume wa Goma, hata akitoka kwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, siku ya namna hiyo hutoka amenyooka. Mnalijua hilo. Shati limepigwa pasi ya makaa, suruali ina mstari mbele, na mfukoni kuna kitambaa cha kufutia viatu vumbi jeusi kabla ya kuingia mlangoni. Halafu ukishusha macho kiunoni unakuta nini? Mkanda mpana wa jeans, wenye bizimu ya kujaa kiganja, umelazimishwa kupita katika vitanzi vya suruali ya kitambaa. Vitanzi vimevutika, shati limefanya donge, na jicho la kila mtu linaanzia pale.

Basi tuanze.

Swali la kwanza: ni nani anayeamua upana wa mkanda? Mtu atasema ni mimi ninayenunua. Mwingine atasema ni muuzaji, kwa sababu muuzaji wetu akikuona umesimama anakutupia mkanda begani na kusema, "Papa, huu umekufaa kabisa." Amekupima wapi? Hajakupima. Mimi nasema hivi, na nitalirudia kabla hatujaachana: anayeamua upana wa mkanda ni suruali. Wewe na muuzaji mnasikiliza tu.

Suruali inaamuaje? Ishike mkononi suruali yako ya kitambaa, ile ya kostimu au ile ya ofisini. Juu kabisa ina kiuno kilichoshonwa, ule ukanda wa nguo unaozunguka tumbo na kufungwa kwa kifungo mbele. Kimo cha kiuno hicho kwa kawaida ni sentimita tatu na nusu au nne. Juu yake fundi ameshona vitanzi, vile vijishikio ambamo mkanda unapita. Mkanda mzuri unakaa ndani ya mipaka ya kiuno hicho, hauchungulii juu wala haushuki chini kwenye mapaja. Na unapita katika kitanzi bila kusukumwa, huku ikibaki nafasi ndogo ya milimita chache juu na chini yake.

Kwa suruali nyingi za kitambaa jibu linakuja lilelile: mkanda wa sentimita tatu hadi tatu na nusu. Nasema tena polepole kwa aliyekuwa anahesabu chenji: tatu hadi tatu na nusu. Mkanda wa sentimita nne na kuendelea ni wa jeans na suruali za kazi, ambazo vitanzi vyake ni virefu na vimeshonwa kwa uzi mnene. Mkanda wa sentimita mbili, mbili na nusu, mara nyingi umetengenezwa kwa ajili ya dada zetu na magauni yao.

Lakini sokoni nani anatembea na rula? Hakuna. Kwa hiyo nawapa kipimo ambacho kila mtu wa Goma anakijua kwa macho. Noti ya dola ya Marekani, iwe ya dola moja au ya mia, ina ukubwa uleule: urefu sentimita 15.6, upana sentimita 6.6. Ukiikunja katikati kwa urefu, ule upana unagawanyika na kubaki sentimita 3.3. Hapo ndipo penyewe! Karibu katikati ya tatu na tatu na nusu.

Subirini, msiikunje noti yenyewe! Tunajuana. Noti yenye kipasuko cha ukucha tu, muuzaji ataigeuza mara mbili kwenye mwanga, atakurudishia, na utabaki na mkanda huna na dola haipiti. Chukua karatasi ya daftari la mtoto, iweke juu ya noti, kata kwa kipimo chake, kisha kunja hiyo karatasi. Ukiwa nyumbani, ipitishe katika vitanzi vya suruali yako. Ikipita kwa raha, hicho ndicho kipimo chako. Ikigoma, tafuta mkanda wa sentimita tatu. Ikipita na bado kidole kizima kinaingia pembeni yake, basi suruali hiyo imeshonwa kwa namna ya jeans, nayo itataka mkanda mpana zaidi. Weka karatasi mfukoni, nenda sokoni. Muuzaji akikutupia mkanda begani, wewe toa karatasi yako, iweke juu ya ngozi, mtazamane.

Sasa mtu atauliza: nikivaa mpana kidogo kuna hasara gani? Nitavunjika mguu? Huvunjiki mguu, baba. Lakini tazama kinachotokea. Mkanda mpana ukilazimishwa katika kitanzi kidogo, unakaa ndani yake ukisukuma nyuzi za juu na za chini muda wote. Ukiwa umesimama, nyuzi zinavumilia. Ukipanda moto kutoka Katoyi kwenda mjini, umeinama, barabara ya mawe inakurusha, kitanzi cha nyuma katikati ya mgongo ndicho kinachobeba mvuto wote. Hicho huachia kwanza. Na kikiachia hakiachii peke yake, kinang'oa na kipande cha nguo. Fundi cherehani atakishona tena, ndiyo, lakini kovu litabaki. Jambo jingine, bizimu ya mkanda mpana ni kubwa na nene. Ukifunga koti juu yake, kunatokea uvimbe palepale ncha ya tai inapotakiwa kutulia. Kwa desturi ncha ya tai inafika kwenye bizimu na kuishia hapo. Sasa bizimu ikiwa kubwa, tai inapanda juu yake na kupinda pembeni, na wewe hujui kwa nini watu wanakutazama tumboni wakati unaeleza elimu yako.

Na mwembamba sana je? Huo nao unaogelea katika vitanzi. Unajipindua, upande wa ndani unaonekana nje, suruali inalegea mbele. Ukiukaza ili ushike, kiuno cha suruali kinajikunja juu yake na mkanda wenyewe unazama chini ya mkunjo. Mtu anaonekana kama gunia lililofungwa katikati.

Kwa hiyo tumeelewana: anayeamua ni suruali, na suruali ya kitambaa inataka tatu hadi tatu na nusu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi limenishughulisha zaidi. Kwa nini wanaume wengi wa kwetu, watu nadhifu, wenye kupenda kuvaa, hukosea hapa tu? Wanachagua shati vizuri, wanachagua viatu vizuri, kwenye mkanda wanateleza. Nina sababu mbili, mnaweza kubishana nami.

Ya kwanza ni historia. Mkanda katika suruali ya heshima si mzee sana hata huko Ulaya ulikotoka. Karne nzima ya kumi na tisa suruali zilikuwa na kiuno cha juu na zilishikwa na bretele, zile kamba mbili za mabegani. Nyumba ya Albert Thurston ya London ilianza kuzitengeneza mwaka 1820 na bado inazitengeneza. Ni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana waliozoea mikanda ya jeshi waliporudi nyumbani na viuno vya suruali viliposhuka, ndipo vitanzi vilipoenea. Hata Levi's, watu wa jeans, waliweka vitanzi katika suruali yao ya 501 mwaka 1922, huku wakiacha vifungo vya bretele mpaka mwaka 1937, kwa ajili ya wasiotaka kubadilika.

Na sisi? Wazee mnaonisikiliza mnakumbuka. Kuanzia mwaka 1972 mwanamume wa ofisi katika Zaire alivaa abacost. Koti lenye kola fupi, limefungwa vifungo, tai hakuna, limeteremka mpaka chini ya kiuno. Mkanda ulikuwapo, lakini nani aliuona? Ungeweza kujifunga kamba ya katani na kusimama mbele ya gavana. Halafu tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba hiyohiyo akawaachia watu uhuru wa kuvaa tai, akiongeza kwamba yeye mwenyewe hawatamwona nayo. Makoti yakafunguka. Kiuno kikatoka hadharani. Lakini kizazi kizima cha akina baba kilikuwa kimeishi miaka 18 bila haja ya kufikiria mkanda unaonekanaje. Wangemfundisha nini mtoto wa kiume?

Niseme kidogo pembeni. Jirani zetu wa Kenya, mwezi Novemba mwaka 2023, spika wao wa Bunge, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda ndani ya Bunge, nazo ni binamu wa abacost yetu. Watu walibishana juu ya utamaduni, na walikuwa na haki ya kubishana. Mimi niliwaza tu juu ya waheshimiwa ambao sasa walipaswa kwenda kutafuta mkanda wa kuonekana.

Turudi nyumbani. Sababu ya pili ni shule. Kila mtoto wa kiume wa Kongo amevaa shati jeupe na suruali ya buluu. Na mama, kwa hekima yake, alinunua suruali kubwa ili mtoto aikulie. Miaka miwili, mitatu, suruali ileile. Kwa hiyo tangu utotoni tumejua kazi moja ya mkanda: kukusanya nguo iliyozidi na kuikaza ili isianguke. Mpana, mwembamba, wa kaka, wa mjomba, wote sawa, mradi ushike. Nani aliangalia kitanzi? Tumekua, tumepata suruali za kutukaa, lakini mkanda tunauvaa na akili ileile ya darasa la tatu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika suruali ya kitambaa iliyokatwa sawasawa, mkanda hauna kazi kubwa. Suruali inatakiwa ikae yenyewe kiunoni, kifungo kikifungwa. Mkanda unaituliza tu na kumaliza vazi. Ukiona lazima ukaze mpaka nguo inajikunja nyuma, tatizo ni kiuno cha suruali, na dawa iko kwa fundi cherehani. Atafungua mshono wa nyuma, atabana kiuno, kazi ya muda mfupi. Watu wengi wananunua mkanda mpana na mgumu wakidhani utawashikia vizuri zaidi suruali iliyo kubwa. Haushiki. Unakunja tu.

Na kwetu hili linatukuta kila siku kwa sababu ya mitumba. Tuseme kweli, suruali nyingi nzuri za kitambaa zinazopita Katoyi Jumapili zimetoka kwenye marobota. Si aibu. Mwaka 2016 Rwanda ilipopandisha kodi ya nguo zilizovaliwa, kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, tuliona wenyewe jinsi ng'ambo walivyoanza kuzitafuta nguo zetu za Goma. Mitumba ni mali. Lakini suruali ya robota ilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine, labda mzee wa Ujerumani mwenye tumbo, na mkanda wake ulibaki hukohuko. Wewe unanunua suruali kwa mtu mmoja, mkanda kwa mwingine aliyeuleta kutoka Guangzhou kupitia Kampala, na vitu viwili hivyo havijawahi kuonana. Ndiyo maana nikasema, jambo la kwanza ni kitanzi. Kila suruali ya mitumba ipimwe kivyake, hata zikitoka robota moja.

Sasa tuguse ngozi, harakaharaka. Mkanda wa suruali ya kitambaa usiwe mnene. Milimita tatu au nne zinatosha. Ule wa mtindo wa kijeshi, mnene, mgumu, hata ukiwa na upana sahihi utavisumbua vitanzi. Ukiushika sokoni ukunje kidogo mbele ya muuzaji, yeye aseme, wewe kunja. Rangi ikipasuka na kuonyesha weupe, hiyo ni rangi iliyopakwa juu ya plastiki. Kisha angalia ndani ya vitundu na kwenye ukingo. Ukiona tabaka za kitu kama katoni iliyobanwa katikati ya ngozi mbili nyembamba, jua ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kushikwa kwa gundi. Utauvaa miezi michache, kisha mkanda utaachana katikati, na kwa kawaida huchagua siku ya harusi. Ngozi nzima ukingo wake ni mmoja, na ukiikunja inafanya mikunjo laini inayorudi.

Mikanda ya otomatiki, ile isiyo na vitundu, yenye meno nyuma na bizimu ya kubana? Sina ugomvi nayo. Mingi ina upana wa sentimita tatu na nusu, kwa hiyo kwa suruali ya kitambaa inaingia. Unaikaza kwa hatua ndogo, jambo jema kwa mtu aliyekula ugali na samaki wa kutosha. Ila meno yake ya plastiki yakisagika, huna pa kurudi. Na bizimu zake nyingi ni kubwa, zina simba, zina ndege tai, zina herufi za nyumba za Paris ambazo hazijawahi kuiona Paris. Hapo chagua ile isiyo na mnyama.

Na hapa najua vijana wa kupenda mavazi wananikunjia uso. Wanasema, mzee, sisi ni watoto wa Papa Wemba, mavazi yaonekane! Sawa. Papa Wemba, mwanamuziki aliyeanguka jukwaani Abidjan na kufariki mwezi Aprili 2016, alitufundisha kwamba mwanamume wa Kongo anaweza kuwa na mfuko mtupu na bado akavaa kwa mawazo. Lakini watazameni vizuri wenye sanaa hiyo ya kuvaa, hasa wale wa Brazzaville. Kanuni yao inayojulikana sana ni kwamba rangi mwilini zisizidi tatu. Wana viatu vya Weston, wana fimbo, wana kiko, na bado wanahesabu rangi! Mtu anayehesabu rangi hawezi kuacha bizimu ipige kelele kuliko viatu. Wengine wao hawavai mkanda kabisa, wanavaa bretele, na wako sahihi.

Tukiwa hapo, neno kwa papa mwenye tumbo. Papa, nakuheshimu, na tumbo ni baraka. Lakini mkanda haushindani na tumbo. Ukichukua mpana ukidhani utalibeba, utalala chini ya tumbo na kujipindua kwa mbele, sehemu ya juu ikitazama ardhi. Chukua wa sentimita tatu na nusu, ngozi laini, bizimu nyepesi, na suruali iliyopanuliwa na fundi ikae kwenye kiuno chako halisi. Au rudi kwa bretele za babu zetu, chini ya koti hakuna atakayejua. Kijana mwembamba naye achukue wa sentimita tatu, utamkaa vizuri kuliko ule unaomfunika nusu ya tumbo.

Urefu tuupitie upesi. Mkanda wa kawaida una vitundu vitano. Kijiti cha bizimu kikae katika kile cha katikati, ili ukinenepa uwe na viwili, ukikonda uwe na viwili. Ncha ipite kitanzi cha kwanza cha suruali upande wa kushoto na isifike mbali. Ikizunguka mpaka ubavuni, mkanda ni wa mtu mwingine. Tafadhali, acheni kutoboa kwa msumari wa moto! Tundu la moto linakauka, linapasuka, na linakaa popote mkono ulipotetemeka. Mpe fundi viatu. Na mikanda mingi bizimu yake hufunguka kwa skrubu au kwa kubanwa. Fundi anaitoa, anakata ngozi upande huo, anairudisha, na vitundu vyako vitano vinabaki mahali pake. Rangi nayo ifuate viatu, mweusi na mweusi, kahawia na kahawia. Hilo mnalijua, silirefushi.

Na ule mkanda mmoja wa nyumba nzima, unaovaliwa na kaka asubuhi na mdogo wake jioni? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mkanda nao ni hivyohivyo. Umeshapinda kwa kiuno cha mwenzio, vitundu vyake vimeshavutika kwa tumbo lake, na kwa vitanzi vyako huenda haukupimwa kamwe. Kama fedha ni ngumu, na siku hizi ni ngumu kwa kila mtu, nunua mmoja tu wako mwenyewe, mweusi, wa ngozi nzima, wa sentimita tatu na nusu kama vitanzi vinaruhusu, bizimu ndogo ya rangi ya fedha. Huo utaingia kanisani, ofisini, msibani na harusini. Ukirudi nyumbani ufute vumbi, utundike kwa bizimu mbali na makaa. Usiukunje ndani ya sanduku.

Sasa namalizia na ombi kwa watu ambao sijawasalimia mwanzoni: nyinyi wauzaji wa mikanda, mnaoitembeza begani hapa Katoyi na kule Birere, na nyinyi wenye meza katika soko la Virunga. Bandikeni karatasi ndogo kwenye kila mkanda yenye upana wake kwa sentimita, au wekeni mezani rula ya shule. Mteja akija na karatasi yake ya kipimo, msimcheke, mpimieni.